Tawasifu na Kiwewe cha Vita katika La Route des Flandres ya Claude Simon

Makala haya yanajadili nafasi ya tawasifu katika La Route des Flandres, riwaya ya Claude Simon iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1960. Swali letu ni hili: je, kujua kwamba mwandishi aliyapitia anayoyasimulia kunatusaidia kuisoma riwaya, au kunatuziba macho?

Ushahidi wa maisha ni mwingi. Mei 1940 Simon alikuwa askari wa farasi katika Kikosi cha 31 cha dragoni. Kikosi hicho kilisambaratishwa na Wajerumani. Kanali wake akauawa kwa risasi barabarani, juu ya farasi, mbele ya macho yake. Simon mwenyewe alitekwa, akapelekwa kambi ya Mühlberg, na baadaye akatoroka. Baba yake, naye afisa, aliuawa vitani mwaka 1914, mtoto akiwa hajatimiza mwaka. (Alizaliwa Antananarivo, lakini hilo lisitufanye tumdai kuwa mwana wa Bahari ya Hindi.)

Katika riwaya, kanali amekuwa Kapteni de Reixach, na aliyeshuhudia ni Georges. Ni rahisi kuishia katika ulinganishaji huo wa jina kwa jina, na ni kosa. Georges alimwona kapteni akichomoa upanga dhidi ya bunduki, lakini hajui alichokiona. Ulikuwa ushujaa? Au mtu aliyejitafutia kifo kwa kuwa mkewe, Corinne, alimsaliti na Iglésia, mpanda farasi wake wa mashindano? Kambini, Georges na Blum wanalijaza pengo hilo kwa kubuni. Hata kifo cha babu wa kale wa kapteni wanakifumia visa. Ubunifu, kwa maoni yetu, unaanzia pale shahidi anapoishiwa.

Muundo nao unadai hivyo. Sentensi hutambaa kurasa kadhaa bila nukta, na nafsi ya kwanza hugeuka ya tatu njiani. Farasi mfu anayemezwa na tope hurudi tena na tena, kwa kuwa askari wanazunguka pasipo kujua, na kumbukumbu inazunguka pamoja nao. Msomaji aliyewahi kupotea katika Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi hatababaika.

Baada ya riwaya kutoka, afisa mmoja aliyekuwapo siku ile alimwandikia Simon kuthibitisha tukio. Kwa mwanahistoria, barua hiyo ni hazina. Hata hivyo Simon aliirudia barabara ileile katika L'Acacia (1989) na Le Jardin des Plantes (1997). Kama uthibitisho ungetosha, asingeirudia.

Usomaji wa kitawasifu humsahau pia Corinne. Baada ya vita Georges anamwendea, akitafuta katika mwili wake jibu la kifo cha kapteni. Corinne anang'amua kwamba mwanamume aliye kitandani mwake yuko na wafu, si naye. Anakasirika, anavaa nguo, anaondoka.