Octavia Butler na Deni la Damu: Maoni juu ya Riwaya ya Kindred

Riwaya ya Kindred (1979) huwekwa mara nyingi katika fungu la hadithi za kisayansi, kwa kuwa mwandishi wake, Mmarekani Octavia Butler, alijipatia sifa katika utanzu huo. Mwenyewe alilikataa fungu hilo, kwani humo hamna sayansi yoyote. Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, hunyakuliwa ghafla hadi Maryland ya enzi za utumwa, bila mashine wala uganga. Huitwa kila mara Rufus Weylin, mwana wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Hurudi kwake pale tu anapoamini kwamba uhai wake mwenyewe u hatarini. Anayedai kuelezwa jinsi safari hizo zinavyowezekana ameikosa riwaya.

Butler alizaliwa Pasadena mwaka 1947. Baba yake, mng'arisha viatu, alifariki binti angali mdogo. Mama alikuwa mtumishi wa nyumbani, akiingilia mlango wa nyuma, jambo lililomtia mtoto aibu. Chuoni alimsikia kijana mweusi akiwalaumu wazee wao kwa unyonge wao. Riwaya hii ni jibu kwa kijana huyo, na kwa aibu ile. Dana ni msomi, tena mwandishi, na historia anaijua vitabuni. Mbele ya mjeledi elimu hiyo haimfai kitu.

Fundo lenyewe ni kwamba Rufus ni babu yake wa kale. Ili ukoo wa Dana uwepo, sharti Rufus azae na Alice Greenwood, mwanamke aliyezaliwa huru kisha akatiwa utumwani. Dana, ambaye msomaji amekwisha kumpenda, ndiye anayetumwa kumshawishi Alice aende kitandani kwa Rufus, naye anakwenda kusema naye. Hapo ndipo kitabu kinapochoma, kwa maana unyonge uliolaumiwa unaonekana kutoka ndani. Mwishowe Dana anamuua Rufus, lakini mkono wake wa kushoto, ulioshikwa na maiti, unabaki ukutani.

Kasoro ipo. Kevin, mume mzungu wa Dana, anaachwa miaka mitano katika zama zile, na miaka hiyo inapitiwa haraka mno; msomaji angependa kujua mzungu mwema alijifunza nini huko.

Butler alifariki mwaka 2006. Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakwama kwenye jina lake. “Ndugu” ni pole mno, maana huitwa hivyo hata mwenzi wa kazi. “Jamaa”, kwa wasomaji wa Katanga, hukumbusha kundi la padri Placide Tempels. Labda “Damu Moja”, ingawa hapo unapotea ukaribu wa moyo uliomo katika jina la awali, nao ndio unaomfanya Dana amsamehe Rufus mara nyingi kupita kiasi.