Kwa nini kitanda cha pili hakilii

Kitanda cha kwanza nilichowatengenezea wanangu kilikuwa na sauti. Mtoto akijigeuza saa nane usiku, nyumba nzima inajua. Mama yao alikivumilia miezi mitano, mwishowe akaniambia asubuhi moja huku akimimina chai, "Baba watoto, kitanda chako kinaongea kuliko wanao."

Mimi si seremala. Kazi yangu ni ya mezani. Mbao nazishika jioni na Jumamosi, uani kwangu hapa Rusimbi, Kigoma, kwa msumeno wa mkono, randa moja, patasi tatu na keekee ya kuzungusha. Kwa hiyo, kitanda kilipohukumiwa, sikukitupa. Nilikifungua kiungo kimoja kimoja kama mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na sababu tatu zilizosaidiana.

Ya kwanza niliiona kwenye misumari. Niliyoing'oa pembeni ilikuwa na kutu kichwani na nchani, lakini katikati, pale mfumbati ulipokutana na tendegu, iling'aa kama kijiko. Kilichoisugua ni mbao yenyewe, usiku baada ya usiku. Na tundu la kila msumari halikuwa tena duara, lilikuwa limekuwa refu kama jicho. Mlio wote ulitoka hapo: chuma kikipanda na kushuka ndani ya tundu lililokwisha kulegea.

Kwa nini lilegee? Nilikuwa nimepiga misumari kupitia tendegu mpaka kwenye kichwa cha mfumbati, yaani pale mbao ilipokatwa na nyuzi zake zinapoishia. Chukua fagio la chelewa. Choma kijiti kupitia ubavuni, chelewa zitakibana. Kichome kutokea mwisho, sambamba na chelewa, kitateleza na kutoka bila ubishi. Mbao ni fagio lililofungwa sana. Msumari uliopita ubavuni hubanwa na nyuzi, ulioingia kichwani hupita katikati yake tu.

Sababu ya pili ni unyevu. Nilinunua msonobari mwezi wa Aprili, mvua za Kigoma zikiwa bado hazijakoma, na Jumamosi ileile nikaanza kupiga misumari. Mbao haikauki ikamaliza. Inavuta na kutoa unyevu kulingana na hewa maisha yake yote. Kati ya masika na kiangazi chetu cha Juni mpaka Septemba, mbao iliyo ndani ya nyumba inaweza kupoteza unyevu sawa na asilimia tano ya uzito wake mkavu. Msonobari ukitoka kwenye ubichi hadi ukavu kabisa hupungua upana kwa takribani asilimia sita au saba, na safari hiyo ya kupungua huanza unyevu unapofika kama asilimia 30. Asilimia tano ni sehemu ya sita ya safari. Maana yake ubao wa upana wa sentimita 30 unanywea kama milimita tatu, na huo ni ubao uliokwisha kukauka. Wangu ulikuwa bado unalia maji. Mbao ilinywea, msumari haukunywea, na nafasi ikabaki kati yao.

Hapa fundi wa barabarani simlaumu hata kidogo. Mbao zinashushwa Jumatatu, mteja ameshatoa nusu ya fedha, na Alhamisi mkokoteni uko mlangoni. Nani atamwambia mteja arudi baada ya wiki nane? Mzazi anayechonga uani hana mashine ya fundi wala mkono wa fundi, lakini ana kitu kimoja ambacho fundi hawezi kukinunua: hakuna anayemsubiri, isipokuwa watoto, nao wanalala kwenye mkeka bila malalamiko wakiambiwa ni muda mfupi. Nilikuwa nimeutupa muda huo kwa kujifanya nina mteja.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi, na niliielewa kwa kukumbuka kitanda cha bibi yangu.

Kitanda cha kamba cha zamani hakina msumari. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya urefuni na vitakizo viwili vya upande wa kichwani na miguuni, kila kimoja kikiwa na ulimi unaoingia kwenye tundu la tendegu. Kisha kinawambwa. Watu hudhani kamba ni ya kulalia tu. Lakini kamba iliyovutwa kutoka mfumbati huu hadi ule, na kutoka kitakizo hadi kitakizo, inavutia pande zote nne ndani, hivyo kila ulimi unazidi kuzama kwenye tundu lake. Ukikaa juu, kamba inabonyea na kuvuta zaidi. Yaani uzito wa mlalaji ndio unaokaza viungo! Kikilegea baada ya miezi, hakihitaji seremala. Unavuta kamba upya, basi.

Changu kilikuwa kinyume chake kabisa. Mtoto akiruka, uzito wake ulikuwa unafungua viungo. Pembe iliyoshikwa kwa misumari miwili iliyokaribiana ni bawaba, na kitanda chenye bawaba nne kitayumba tu. Na juu ya hilo nilikuwa nimeilaza mifumbati ya inchi mbili kwa sita ili nipate pa kupigilia chaga. Ubao wa mbili kwa sita ukisimamishwa ni mgumu kupinda mara tisa kuliko ukilazwa, kwa sababu ugumu unakua kwa kimo kikizidishwa chenyewe mara tatu, wakati upana unaongeza kwa kiasi chake tu. Mara tisa, kwa mbao ileile na bei ileile!

Kwa kitanda cha pili nilitaka mninga kwenye fremu. Mninga unanywea kidogo sana, karibu theluthi moja tu ya msonobari, na ukishakaa unatulia. Lakini mti wenyewe unatumia karibu karne nzima kufikia unene wa kupasuliwa, na mbao mpya inadai vibali na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Tangu mkutano wa Panama wa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, mwaka 2022, jamii yote ya mininga ya Afrika, pamoja na ndugu yake mkurungu ambao uliwekwa kwenye orodha ya mkataba huo mapema, 2019, iko chini ya uangalizi wa biashara ya kimataifa. Hilo halimzuii mtu wa Rusimbi kutengeneza kitanda. Lilinifanya tu nijiulize kama mtoto wa miaka saba anahitaji mti wa miaka mia.

Jibu nililipata kwenye nyumba iliyobomolewa: fremu tatu za milango, mninga mtupu chini ya tabaka nne za rangi. Mbao ya namna hiyo imekwisha kumaliza ugomvi wake na unyevu kabla mimi sijaoa. Tatizo lake ni misumari iliyojificha, ambayo ikikutana na randa unalia wewe. Niliitafuta kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye uzi: unaipitisha polepole juu ya mbao, ikiyumba tu, hapo pana chuma. Nilipata kumi na saba. Kuhusu kuparua na kupiga randa, niseme moja kwa wazazi wenzangu: unga wa mninga unawasha pua na kifua. Watoto wangu walikaa mbali mpaka uwanja ufagiwe, na mimi nikafunga kitambaa.

Msonobari niliuacha kwa chaga peke yake. Safari hii niliupanga kivulini, vijiti vikitenganisha ubao na ubao ili hewa ipite, na kipande kimoja nikawa nakipeleka kwenye mizani ya duka la jirani kila Jumamosi. Uzito ukipungua, bado maji yanatoka. Ulipobaki palepale wiki tatu mfululizo, nikajua tayari. Muuza duka alidhani nimeanza kuuza mbao kwa kilo.

Viungo vya vitakizo na matendegu ni vya ulimi na gundi. Unene wa ulimi ni theluthi moja ya mbao, na kazi kubwa haifanywi na ulimi wenyewe bali na mabega yake, yaani ile sehemu iliyobaki pande zote inayokandamiza uso wa tendegu. Bega la inchi tano na nusu linazuia kuyumba kuliko misumari kumi. Tundu nililitoboa kwa keekee kisha nikalinyoosha kwa patasi. Mawili ya kwanza niliyaharibu. Ulimi mzuri unaingia kwa kusukumwa na kiganja: ukihitaji nyundo utapasua tendegu, na ukianguka wenyewe itabidi utengeneze mwingine.

Lakini gundi isingefaa pembe zote. Kitanda ni futi tatu na nusu kwa sita, nimekiunga uani, na mlango wa chumba chetu cha watoto una kona mbaya ya korido mbele yake. Lazima kifunguke. Mtu wa Kigoma hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kitu kilichoungwa, kikafunguliwa, kikaungwa tena. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na kutoka huko kwa reli, ambayo ilifika Kigoma 1914. Ikaungwa upya hapa ufukweni na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi nzito, na ndiyo maana Waingereza walipoiibua 1924 ilikuwa bado na maisha. 1927 ikarudi kazini. Aliyezipaka grisi alikuwa anamfikiria mtu atakayeifungua baadaye. Fundi wa namna hiyo namheshimu.

Basi mifumbati yangu inashikwa kwa ulimi mfupi usiotiwa gundi, wa kuzuia kujizungusha, na bolti mbili za milimita nane kila pembe zinazopita kwenye tendegu na kukutana na nati iliyozikwa ndani ya mfumbati. Bolti inafanya kazi ya kamba ya bibi: inavuta mabega yakandamize. Chaga ziko kumi na moja, za inchi nne kila moja, zikiachana karibu inchi tatu. Hazijapigwa msumari popote. Zimeshikanishwa kwa mkanda wa turubai upande wa chini, zinakunjwa kama mkeka, na zinakaa juu ya kibao chembamba kilichokazwa kwa skrubu ndani ya mfumbati.

Kwenye kupaka niliaibika. Tuko kwenye nchi ya michikichi, galoni la mawese liko jikoni, nami nikajiona mjanja nikaupaka mfumbati mmoja kwa majaribio. Rangi ilikuwa nzuri ajabu, mninga ukawaka kama jua la saa kumi na mbili upande wa Kongo. Baada ya siku kumi ulikuwa bado unanata, na sisimizi walikuwa wameshafungua njia. Mafuta yanayokauka juu ya mbao hukauka kwa kushikana na hewa na kuwa ngozi ngumu. Mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, hayana uwezo huo. Yatanata mpaka yachachuke. Nilikwangua yote, nikapiga msasa, nikanunua vanishi.

Kitanda kina miaka miwili sasa. Hakilii. Lakini mwezi wa Julai uliopita binti yangu aliniambia upande wa miguuni "unapumua". Nilishika spana, nikakuta bolti zimelegea kidogo tu. Nikapiga hesabu: tendegu lina unene wa milimita 76, mninga ukipoteza unyevu wa kiangazi chetu hunywea kama asilimia 0.4, ambayo ni milimita 0.3. Uzi wa bolti ya milimita nane husogea milimita 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo mzunguko ni 0.31.

Nikampa yeye spana. Sasa ndani ya mfumbati, mahali pasipoonekana, kuna safu ya maandishi ya penseli kwa mkono wake, tarehe na bolti nane: robo, robo, robo, hakuna, robo, nusu, robo, robo. Hiyo nusu nimeichunguza. Ni pembe ile niliyochonga kwanza.