Buriani ya Wasaka Sauti

Desemba 2019 filamu ya tisa ya Star Wars, The Rise of Skywalker, iliingia kumbi za sinema, na hadithi ya ukoo wa Skywalker iliyoanza Mei 1977 ikafungwa. Tulitoka ukumbini watu wakibishana: imekuwaje Palpatine, yule mfalme mwovu, akafufuka, shujaa Rey anawezaje kuwa mjukuu wake, kwa nini huyu afe na yule abaki. Mabishano hayo yana utamu wake. Mimi kilichonikaa rohoni ni kingine. Kwa saa mbili na ushei masikio yangu yalikuwa yakitambua sauti moja baada ya nyingine, mvumo wa upanga wa mwanga, ngurumo ya Chewbacca, lile jitu la manyoya, viluzi vya roboti R2-D2, na karibu kila niliyoitambua ilizaliwa zaidi ya miaka arobaini nyuma, mikononi mwa kijana mmoja aliyezunguka na kinasa sauti begani.

Jina lake Ben Burtt. Mwaka 1975, akiwa ndiyo kwanza anatoka Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, alipewa kazi ambayo leo hakuna kampuni ingemlipa mtu aifanye kwa nafasi kiasi kile: nenda katafute sauti. George Lucas, mwongozaji wa filamu ile ya kwanza, alikuwa amechoshwa na milio ya vinanda vya umeme iliyojaa katika filamu za anga za wakati ule. Dunia yake ya nyota ilikuwa ya vyombo vilivyochakaa, vyenye masizi na mikwaruzo, navyo vilidai sauti za vitu vinavyochakaa. Burtt akazunguka zaidi ya mwaka akinasa mota, ndege za kivita, milango, wanyama wenye njaa. Alipoanza, filamu yenyewe ilikuwa bado haijapigwa picha.

Chuoni kwao kulikuwa na mashine kuukuu ya kuonyeshea filamu ambayo mota yake, ikiwa imewashwa bila kuvuta mkanda, ilivuma kwa utaratibu wa kubembeleza. Akainasa. Siku nyingine akapita nyuma ya televisheni na maikrofoni ambayo waya wake ulikuwa umechubuka, ikadaka mkwaruzo mkali wa umeme. Fundi mwingine angeutupa ule mkanda na kununua waya mpya. Burtt aliuweka, akauchanganya na mvumo wa mota, na huo ndio ukawa upanga wa mwanga. Ili usikike ukikata hewa, alipigisha mvumo huo kwenye spika, akashika maikrofoni mkononi na kuipunga huku na huku mbele yake. Sauti hupanda inapokaribia na kushuka inapokwenda zake, kama honi ya basi linalotupita barabarani. Tunachokisikia pambano linapopamba moto ni mkono wa Burtt ukipita mbele ya spika.

Lakini kwangu mimi hakuna inayoizidi ile ya bunduki.

Minara ya redio hushikiliwa na nyaya ndefu za chuma zilizokazwa chini. Burtt aliugonga waya mmoja kwa nyundo, maikrofoni ikiwa karibu nao. Katika waya mrefu namna ile sauti nyembamba hukimbia kuliko nzito. Pigo ni moja, lakini linafika sikioni kwa mafungu: nyembamba kwanza, kisha inayofuata iko chini yake, kisha nyingine chini zaidi, mpaka unasikia kitu kimeruka kutoka hapa kwenda kule. Basi. Nyundo, waya, na mtu mwenye subira ya kusimama chini ya mnara akisikiliza chuma.

Star Wars niliisikia kabla sijaiona. Banda la video la mtaani kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, lilikuwa la mabati, na asiyekuwa na kiingilio alibaki nje amebandika sikio kwenye bati. Ndani msimulizi alikuwa akipaza sauti, akiwaeleza watu kwa Kiswahili nani ni nani na amekasirishwa na nini. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, milio ilipenya bati ikatufikia. Sikujua chombo kina umbo gani wala upanga una rangi gani, ila nilijua pale wanapigana, pale wanakimbia, pale mtu mkubwa mwenye pumzi nzito ameingia chumbani. Pumzi ile, nilikuja kujua ukubwani, ni ya kifaa cha wazamiaji ambacho Burtt alichomeka maikrofoni ndogo ndani yake akawa anapumua.

Kesho yake tuliokota mawe tukaenda kuugonga waya mnene unaoishikilia nguzo ya umeme, kwa sababu mmoja wetu aliapa kwamba mlio ni ule ule. Tulibandika sikio kwa zamu. Mlio ulikuwa mfupi na hafifu, lakini ulishuka, ulishuka kweli, na tukaugonga mpaka mzee mmoja akatoka na fimbo kutufukuza. Hakuna aliyekuwa ametuambia habari za minara ya Marekani. Niliposoma miaka mingi baadaye namna sauti ile ilivyopatikana, nilitamani wenzangu wale wangekuwa karibu niwasomee ukurasa huo kwa sauti.

Ndiyo maana sikubali anayesema filamu hizi zilikuwa ujanja wa mashine tu. Zilikuwa kazi ya watu wanaosikiliza. Mlio wa vile vyombo vidogo vya vita vya Dola umetokana na ndovu, aliyechanganywa na gari linalopita kwenye lami iliyolowa. Chewbacca ni dubu zaidi, na simba kidogo. R2-D2 ni kinanda cha umeme pamoja na Burtt mwenyewe akibwabwaja kama mtoto ambaye hajajua maneno. Waandaaji wa Tuzo za Oscar walimpa tuzo maalumu kwa sauti za viumbe na roboti wa filamu ile ya kwanza, na nadhani mara chache tuzo hiyo imemfikia mtu aliyestahili kiasi hicho.

Alisaka lugha pia. Kwa kiumbe aitwaye Greedo alichota katika Kikechua cha milima ya Andes, kwa viumbe waitwao Jawa akaanzia kwenye Kizulu. Na mwaka 1983, katika Return of the Jedi, rubani msaidizi wa Lando Calrissian, yule Nien Nunb mwenye mashavu makubwa na macho meusi, alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, aliyezungumza lugha za Afrika Mashariki. Wala hazikuvurugwa kwa mashine. Mtu wa huku kwetu aliyekaa ukumbini alisikia chombo cha anga kikiongozwa vitani kwa maneno ya nyumbani, katikati ya nyota, na kiumbe yule anacheka kicheko cha kijijini kabisa. Mwaka 2015 walimrudisha Rotich aseme tena, na nilifurahi kana kwamba ni ndugu yangu.

Katika filamu ya tisa, Nien Nunb anakufa. Chombo anachokiendesha kinapigwa na radi za Palpatine na kuteketea, picha inapita, hakuna anayemlilia. Miaka thelathini na sita ya sauti ile, na haikupewa hata muda wa kuvuta pumzi. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi nikidhani kuna kitu kimenipita. Hakuna.

Hapo ndipo huzuni yangu ilipo. Kampuni ya Lucas iliuzwa kwa Disney mwaka 2012 kwa dola zaidi ya bilioni nne, na filamu tatu za mwisho zikatengenezwa ndani ya miaka michache, tarehe za kuonyeshwa zikitangulia hadithi. Mwongozaji wa filamu ya saba, J.J. Abrams, alianzisha mambo, wa ya nane, Rian Johnson, akayapeleka kwingine, aliyepangiwa ya tisa, Colin Trevorrow, akaondoka 2017, Abrams akaitwa kumalizia. Hayo ni mabadiliko ya kawaida katika biashara ya sinema. Ila mtu aliyepewa zaidi ya mwaka wa kutafuta mlio mmoja mmoja ndiye aliyeijengea biashara hiyo msingi wake, na warithi hawakujipa hata muda wa kukubaliana hadithi inaishia wapi. The Rise of Skywalker inakimbia kutoka sayari hadi sayari kama ina deni. Ukimya, ambao Burtt aliutumia kama fundi anavyotumia nafasi kati ya mbao na mbao, karibu haumo.

Sitawanyima mafundi haki yao. Walikuwemo hadi mwisho. Mwaka 2017 Yoda, yule mzee mdogo wa kijani, alirudi akiwa kikaragosi, Frank Oz akimpa mkono na sauti yake kama mwaka 1980, wakati Stuart Freeborn alipoutengeneza ule uso akiutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo na kuongeza makunyanzi ya Einstein. Maz Kanata, ambaye Mkenya wetu Lupita Nyong'o alimpa sauti, alichorwa kwa kompyuta mara mbili, lakini katika filamu ya mwisho aliundwa kuwa kikaragosi halisi, akasimama mbele ya waigizaji. John Williams aliandika muziki wa zote tisa. Anthony Daniels alikuwa C-3PO, yule roboti wa dhahabu, tangu ya kwanza hadi ya tisa. Kazi ya watu wa namna hii haidumu mikononi mwa wenye haraka, na walipomaliza kazi yao hapakuwa na foleni ya vijana nyuma yao.

Yapo maumivu ya zamani zaidi, nayo yalisababishwa na Lucas mwenyewe. Mwaka 1997 alizifanyia filamu tatu za kwanza marekebisho: akaongeza viumbe wa kompyuta, akabadili pambano la Greedo, akaondoa nyimbo, na baadaye akabadili tena. Vile vyombo vilivyojengwa Van Nuys kwa vipande vya vifaru na manowari za plastiki za madukani, vilivyopakwa uchafu kwa brashi na kupigwa picha kimoja kimoja, vikafunikwa. Filamu ya 1977 iliwekwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa mwaka 1989, lakini kwa miaka mingi mtazamaji wa kawaida amekuwa akipewa nyingine iliyopachikwa juu yake. Mwaka 2006 zile za asili zilitolewa kama nyongeza kwenye DVD, picha hafifu, mithili ya kitu wanachokionea haya. Mwenye mali ana haki ya mali yake. Lakini kazi ya mikono ya watu mamia si mali ya mmoja tu, na kuifuta ni dhuluma kwa waliokwisha kufa.

Na huku kwetu tunafanya yaleyale kwa njia nyingine. Tazama filamu zetu nyingi za sasa: mlango wa Manzese unakwaruza kwa mlio uliopakuliwa kwenye intaneti, usiku wa Bagamoyo unalia wadudu wa nchi ambayo mhariri hajawahi kufika, kofi la mama mkwe linapasuka kwa sauti ileile iliyotumika katika filamu kumi nyingine. Hakuna anayekosa vifaa. Simu iliyoko mfukoni mwa kijana wa leo inanasa sauti vizuri. Kinachokosekana ni mtu wa kutoka nje akasimama chini ya mnara.

Enyi mnaosomea sinema Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, mashine za kusaga za dizeli zinaondoka vijijini kadiri umeme unavyofika. Taipureta zilizokuwa zikirindima nje ya mahakama zimebaki chache. Kamba ya kisima ikipita kwenye gurudumu la mbao, jahazi likigeuza foromali, cherehani ya miguu ikishona turubai: kanaseni sasa, kwa jina, mahali na tarehe, hata kama hamjui zitawafaa katika filamu gani. Burtt naye hakujua.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwa wazee kuna sanduku la mikanda ya video, usiwaachie mchwa. Mkanda wa Star Wars uliotengenezwa kabla ya 1997, hata uwe wa kunakiliwa, hata uwe na msimulizi anayepiga kelele juu yake, una filamu ile karibu kama mafundi wake walivyoiacha. Tafuta mwenye deki inayofanya kazi, mwambie akuhamishie.