Khayyam Alipitia London

Mwaka 1993 Samuel Huntington wa Marekani aliandika kwamba migogoro mikubwa ya dunia itakuwa baina ya staarabu. Kwa pendekezo la Mohammad Khatami, Rais wa Iran wakati ule, Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2001 kuwa mwaka wa majadiliano baina ya staarabu hizo. Mmoja aliona mapambano, mwengine mazungumzo. Sisi wa visiwani, ambao hata maneno bandari na nanga tumeyapata kwa Waajemi, tuna haki ya kuuliza: mazungumzo hayo hupitia kinywani mwa nani?

Jibu moja limo katika kitabu kidogo cha Shaaban Robert, Omar Khayyam kwa Kiswahili, cha mwaka 1952. Khayyam alikuwa mwanahisabati na mwanafalaki wa Nishapur, akafariki mwaka 1131. Shaaban Robert hakumpokea kwa Kiajemi, bali kwa Kiingereza cha Edward FitzGerald, aliyechapisha tafsiri yake London mwaka 1859. Naye FitzGerald hakuwa tarishi tu. Beti zilizosimama kila mmoja peke yake alizifunga pamoja, nyengine akaziyeyusha mbili kuwa moja, akazipanga zianze alfajiri na kumalizika mwezi unapochomoza.

Basi pepo za kaskazi, zilizotuletea mabaharia na maneno yao, hazikumleta Khayyam. Alizunguka Ulaya kwanza, akatufikia amevaa nguo za huko.

Tuilinganishe safari hiyo na ya Hamziyya, kasida ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, iliyofasiriwa na Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate. Yeye aliingia katika Kiarabu chenyewe, na katika miswada mstari wa Kiarabu na wa Kiswahili hufuatana. Mgeni na mwenyeji wamekaa jamvi moja, kila mmoja na sauti yake.

Je, tumlaumu Shaaban Robert? Hasha. Muislamu huyu wa Tanga alikubali kumfasiri mshairi wa mvinyo na shaka, na hiyo ni adabu kubwa: kumpa nafasi ya kusema mtu usiyekubaliana naye. Isitoshe, huzuni ya umri upitao ilivuka lugha mbili ikatufikia ingali hai. Wanaosema kwamba binadamu wana tunu za pamoja wanayo hoja hapo.

Lakini hoja hiyo ina tundu. Tunachofanana nacho hupita kwa dalali yeyote. Kinachobaki njiani ni kile ambacho mwenzetu anacho na sisi hatuna. Na kuishi pamoja hakusimami juu ya kufanana peke yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee; mwenyeji ataponaje ikiwa mgeni amefika amekwisha kufanana naye?

Nami nimo katika lawama hii. Kwa miaka mingi nilifasiri tungo za Waajemi kutoka Kiingereza, nikasifiwa kwa ladha ya Uajemi ambayo mwenyewe sikuwa nimeionja. Utandawazi umetukaribisha kweli, ila kwa mlango wa mtu mwengine. Majirani wanaosalimiana kwa kinywa cha mtu wa tatu hawajawa majirani bado. Mfasiri kijana anayesoma makala hii naajifunze lugha moja ya ng'ambo ya bahari hii yetu, akabishe hodi mwenyewe.