Heko, Vituo vya Treni ya Mwakyembe

Oktoba 2012 Dar es Salaam ilipata treni ya abiria wa mjini, na watu wakaipachika jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Ilianza kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Baadaye ikafika Pugu kupitia Gongo la Mboto, ikawapunguzia wakazi wa pembezoni adha ya foleni.

Treni imesifiwa vya kutosha. Pongezi hizi ni za vituo. Vingi havina jengo la kujivunia, lakini mtaa mzima hujipanga kwa saa za treni. Alfajiri mama lishe wana chai na chapati. Jioni bodaboda wanangoja wanaoshuka, na mboga za kupikia usiku zimeshatandazwa kandokando ya njia. Majirani wasiojuana kwa nyumba hujuana kwa behewa.

Heko kwa wakata tiketi, waongoza treni na wanaolinda makutano ya reli na barabara. Shukrani inayowafaa ni paa, taa na vyoo safi katika kila kituo.