Kupanga Safari ya Wenye Miguu Mifupi

Desemba ikifika katikati, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hupita Kiboriloni yamejaa hadi mlangoni, na utani wa kila mwaka huanza: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Wanaotaniwa hucheka, hulipa nauli iliyopanda, na mwaka unaofuata huja tena. Utani huo huwasahau watoto. Mtoto wa miaka minne aliyezaliwa Tabata hakuja kuhesabiwa; ameletwa. Ndani ya siku mbili amekwisha kumwona bibi, ng'ombe na ndama, na siku ya tatu asubuhi anauliza, leo tunakwenda wapi? Hapo ndipo anapotafutwa mtu ninayetaka kumsifu, yule mmoja katika kila ukoo anayejua kupanga matembezi ya siku moja ya watoto wadogo.

Hana kibao mlangoni wala halipwi. Kwetu ni wifi yangu, na jirani yetu wa upande wa chini naye ana wake, babu mstaafu ambaye hasemi sana lakini watoto wake wakitoka hurudi wakiwa wazima na wanaimba. Nimewaangalia wote wawili kwa miaka, na nimeona jambo moja wanalofanana. Sisi wengine hupanga safari kwa kuanzia kule tunakotaka kufika: maporomoko, chemchemi, geti la mlima. Wao huanzia saa ya kurudi. Giza linaingia karibu saa moja. Kabla ya giza watoto waoge, na kabla ya kuoga wale, maana mtoto aliyeoga huku ana njaa hulala mezani. Kwa hiyo gari liwe uani saa kumi na moja. Mdogo kabisa hulala mchana saa nane, na ni heri alale garini likiwa linashuka kuliko alale mgongoni kwa mtu kwenye ngazi za mawe. Wakirudi nyuma hivyo, saa kwa saa, wanafika asubuhi na kukuta kwamba siku ile ndefu iliyoonekana kutosha kwa mambo matatu inatosha kwa moja. Moja na nusu, kama dereva ni mzuri.

Theluji huwa imekwisha kutazamwa kabla ya safari. Kibo huonekana alfajiri na asubuhi mapema, kisha mawingu hupanda kutoka msituni, na mara nyingi saa nne mlima umekwisha kujifunika. Wageni hulipia magari kwenda kuutafuta mchana. Wifi huwaamsha watoto saa kumi na mbili, huwasimamisha uani na mablanketi yao, anawaonyesha, anawarudisha ndani kunywa uji. Jambo kubwa kuliko yote mkoani limeonwa bila nauli, na hakuna atakayelia njiani kwamba hakuona theluji.

Hesabu hii ya kurudi nyuma wanaijua pia wazazi wanaopanda meli za kitalii katika bahari ya Mediterania. Meli inatia nanga Civitavecchia asubuhi. Roma yenyewe iko kilomita kama 70 kutoka hapo. Na jioni meli inaondoka, uwepo usiwepo. Mwenye mtoto wa miaka mitatu anapaswa kuamua usiku wa kuamkia siku hiyo kama atakwenda kupanga foleni Colosseum au atabaki ufukweni na kula aiskrimu. Aliyechagua Napoli na magofu ya Pompeii atagundua kwamba barabara zile za mawe makubwa haziafikiani kabisa na magurudumu ya kigari cha mtoto. Sisi meli hatuna. Tuna Noah ya kukodi, ambayo mwenyewe ana abiria wengine saa kumi na mbili, na ukali wake ni uleule.

Ufundi wenyewe huanzia sokoni, siku moja kabla. Watoto wa pwani huja na kaptura na fulana, kwa sababu mama zao wamefungasha wakiwa wanatoka jasho. Kila unapopanda mita elfu moja joto hushuka nyuzi kama sita, na kutoka Moshi mjini hadi geti la Marangu, lililo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unapanda karibu kiasi hicho. Lakini anayekaa Kiboriloni hana haja ya kuhangaika. Soko letu la mitumba linajulikana mbali, marobota yanafunguliwa pale pale, na sweta za watoto hulala kwenye maturubai kwa marundo. Wifi hapendezwi na zile za kijivu hata ziwe nzuri namna gani. Anainama, anachambua, anavuta nyekundu na za manjano tu, zote kubwa kwa saizi moja. Ukubwa ni ili mtoto avae juu ya nguo zote na mwakani zimfae bado. Rangi ni kwa ajili ya migomba. Mtoto mwenye fulana ya kijani akiingia kihambani hatua kumi, humwoni. Sweta ya manjano utaiona hata akiwa ng'ambo ya mfereji. Nilidhani ni mapenzi ya rangi hadi nilipomwona akihesabu watoto kwa macho, akiwa amekaa, bila kuita jina hata moja.

Kisha suala la kutapika, ambalo vitabu vya utalii hulipita kimya. Barabara kutoka Himo kwenda Marangu ni ya lami nzuri, lakini inapanda kwa kona, na mtoto aliyekunywa chai ya maziwa na chapati mbili hafiki Marangu Mtoni nazo. Zamani ilitosha kubeba mfuko wa rambo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, kila mpangaji amejitafutia njia yake, na iliyo bora niliyoiona ni ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, imeoshwa, inakaa chini ya kiti cha katikati. Kifungua kinywa siku hiyo ni ndizi mbivu na yai la kuchemsha. Mtori umo kwenye chupa ya chai na hauguswi mpaka gari lisimame. Dereva ameambiwa tangu jana, kwa heshima, "Mangi, leo tunabeba mayai." Dereva anayecheka na kuelewa ndiye atakayeitwa tena.

Marangu ina vitu vingi mno kwa siku moja, na hapo ndipo mpangaji hupimwa. Kuna geti la hifadhi na msitu wake wenye mbega. Kuna maporomoko ya Kinukamori na ya Kilasiya. Kuna mapango ambamo wazee walijificha na mifugo yao nyakati za vita na Wamasai. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa orodha, angetaka yote. Wifi huchagua Kinukamori na kufunga mjadala: ni mwendo mfupi wa miguu kutoka Marangu Mtoni, maji yanaonekana vizuri kutoka juu hata kwa asiyeshuka, na choo kiko karibu. Kilasiya ni pazuri zaidi, nakubali, lakini kushuka kwake kunataka magoti ya mtu mzima. Mapango anayaacha kwa watoto wa darasa la nne kwenda juu. Mdogo akiogopa giza katikati ya kishoroba chembamba, nyuma yake kuna watu wengine sita, na hakuna pa kugeukia.

Kinukamori nako kuna mtihani wake. Juu ya maporomoko ipo sanamu ya msichana na chui, na hakuna mtoto atakayepita bila kuuliza. Hadithi inayosimuliwa pale ni ya Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaja kujitupa majini kwa aibu, akaghairi, akageuka arudi nyumbani, akakutana na chui, na kwa hofu akaanguka kulekule alikokataa kuanguka. Ni hadithi nzito, na mimi naiona mojawapo ya hadithi kali kuliko zote za mlima huu, kwa sababu adhabu inakuja baada ya toba. Umwambieje mtoto wa miaka minne? Wifi humwendea mwongozaji kando kabla watoto hawajafika na kumwomba jambo moja: mimba iondoke, chui abaki. Ana haki. Watoto hawaji kwa ajili ya maadili. Wanataka kujua chui alikuwa mkubwa kiasi gani na kama bado yupo.

Kuhusu mlima wenyewe, wifi amepewa silaha na serikali na anaitumia bila aibu. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni, basi kila anayelilia Uhuru anajibiwa kwamba shangazi angependa sana ila KINAPA, wenye hifadhi, wamekataa. Kibanda cha Mandara, kwa jinsi watu wanavyokitaja, kinasikika kama matembezi, lakini kutoka getini ni kilomita kama 8 za kupanda, zaidi ya mita 800 kwenda juu, na njia yote hiyo lazima irudiwe. Kwa miguu mifupi huko ni kuhama.

Materuni sitaisema sana. Maporomoko yake ni marefu, kahawa ya kutwanga na kukaanga mbele yako ni burudani, lakini njia inateleza mvua za vuli zikichelewa kukatika, na mtu mzima mwenye mtoto mgongoni hana mkono wa kujishikia.

Mahali ambapo ufundi huu unahitajika kuliko kote ni Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa zilizo upande wa Boma Ng'ombe. Baada ya vumbi la barabara na miiba ya nyika, ghafla pana maji ya buluu, safi hadi unaona mizizi chini, na visamaki vinavyodonoa nyayo. Ni pazuri kiasi cha kumpumbaza mzazi. Maji ni ya kina, yana mkondo, na kuna kamba ya kurukia inayowafanya vijana wasitazame wanapoangukia. Siku za sikukuu watu hujaa. Babu jirani ana sheria mbili hapo, na hazijadiliwi. Kwanza, idadi ya watoto watakaogusa maji hailingani na idadi ya waliokuja. Inalingana na idadi ya watu wazima waliovua viatu. Mtu mzima anayepiga picha hahesabiwi. Pili, hawaendi tarehe 26 wala mwaka mpya. Wanakwenda katikati, siku isiyo na jina, asubuhi, na wanaondoka watu wa muziki wanapoanza kushusha spika. Vijana wa ukoo humlaumu kwamba anaondoka raha inapoanza. Sijui kama amewahi kuwajibu. Anahesabu sweta, anafunga mlango wa gari.

Na zipo siku ambazo mpango bora ni kutokodi chochote. Mfongo unapita nyuma ya nyumba, mfereji wa wazee uliochimbwa kuleta maji ya mlimani kwenye migomba, na maji yake hayazidi goti. Watoto hupewa magome ya mgomba na vijiti wajitengenezee vyombo vyao, mmoja anasimama juu, mwingine chini, na saa tatu zinapita. Mpangaji amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Mpita njia ataona mwanamke aliyepumzika. Lakini alichagua sehemu ya mfereji isiyo na kona, akaangalia jana kama zamu ya maji ni yetu, na isale, mmea ule wa mpakani, amewaambia wasilivunje, maana jirani hatacheka.

Mwaka huu kaka amepiga simu kutoka Dar mapema. Anataka ziwa Chala: volkano iliyojaa maji, mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati, watoto watasimulia shuleni. Wifi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kuta za kreta zina mteremko gani, nani atashuka na mapacha, kivuli kiko wapi saa saba mchana, na kama amesikia habari za mamba. Kaka akasema mamba ni maneno ya watu. Wifi akamwambia basi wakaulizwe watu hao kwanza, mapacha wafikishe miaka minane, na kwa sasa yeye akumbuke kuleta buti za mvua, saizi 27 na 29, kwa sababu buti za watoto ndicho kitu pekee ambacho Kiboriloni hakipatikani kwa jozi.