Tega!

Ijumaa saa tisa na nusu, maktaba ikishafungwa, chama chetu cha uandishi huhamia maabara ya kemia. Vijana kumi na wanane hujipanga kwenye vile viti virefu visivyo na maegemeo, na harufu ya gesi haitoki hata tukifungua madirisha yote. Kazi ninayoipenda kuliko zote pale ni ndogo mno: kuandika sentensi moja ubaoni, kisha kukaa kimya.

Sentensi hiyo ni mdokezo. Aliyesomea Kenya haambiwi ni nini: andika kisa kitakachoanza kwa maneno haya, au kitakachomalizikia kwa yale. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE ungali unatungwa, na enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 awe amemaliza insha yake. Nasi tulimaliza, kwa kuwa tulikuwa na akiba. Langu lilikuwa daftari la jalada la kijani lililojaa madoido. Jua lilichomoza na kutandaza miale yake, ndege wakatumbuiza, nami nikajipara nikaparika, nikashika tariki. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuandika kisa cha kumzika baba, na ndege wale wale wakaimba kwa furaha asubuhi ya maziko. Alipata alama 36 kati ya 40. Mwalimu alilisomea darasa zima kisa hicho, tukapiga makofi, na hakuna aliyewauliza ndege walikuwa wamefurahia nini.

Siku hizi nikikumbuka nacheka, lakini sitaki kuwalaumu ndege. Tuliwaita kwa sababu tulipewa uwanja mpana tukaogopa kusimama peke yetu. Mwambie mtoto aandike juu ya siku asiyoweza kuisahau, matatu itabingiria. Lazima ibingirie. Hajawahi kuiona ikibingiria, lakini amesikia kwamba siku zisizosahaulika ndivyo zilivyo, na siku yake halisi, ile aliyokaa nje ya ofisi akisubiri barua ya karo huku kiatu kimoja kikimbana, anaona haifai kuandikwa.

Basi nimejifunza kufunga milango. Muhula mmoja niliandika ubaoni: mama. Nikakusanya watakatifu kumi na wanane, wote nguzo, wote taa, wote wamebeba mimba miezi tisa kana kwamba wengine hubeba minne. Ijumaa iliyofuata nikaandika: mikono ya mtu unayemjua, usitaje uso wake, usiseme unampenda. Walinuna. Mmoja akauliza kama kucha zinahesabiwa kuwa mikono. Nikamwambia kucha ndizo hasa ninazozitaka.

Msichana mmoja ambaye wiki iliyotangulia mama yake alikuwa taa, safari hii alimleta mama mwenyewe. Anachoma chapati kituoni. Hageuzi kwa mwiko, hugeuza kwa ncha za vidole, na moto wa miaka yote hiyo umezilainisha ncha zile mpaka michoro imefutika. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, mashine haikumsoma. Karani akamwambia apanguse. Akapangusa kwa gauni. Akaambiwa tena, akapangusa tena. Mara ya tatu alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Na ukucha wa kidole gumba cha kulia ni mweusi, msichana aliandika, tangu siku kikaango kilipomwangukia, na yeye husema ndiyo saa yake, kwa kuwa huwashika macho wateja wanaotaka deni.

Sina hakika kwamba nililielewa lile la saa. Sikumuuliza. Maabara ilinyamaza hata tukausikia mfereji wenye kuvuja.

Hayo yote hayakuanza nami. Bibi zetu walikuwa mafundi wa mdokezo mwembamba kabla ya chaki. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtegaji hakukwambia kitu cheupe, kizuri, cha mviringo. Alikuficha yai ndani ya jambo moja la kweli kuhusu yai, ukalazimika kulitazama upya. Na ukishindwa hukutozwa faini, ulitoa mji. Nilipokuwa mtoto niligawa Mombasa, Lamu, Zanzibar hata London, miji ambayo mingi sijaikanyaga, na aliyepewa alifika papo hapo, akatusimulia alivyokula biriani huko, sisi tukimeza mate. Nimeirudisha desturi hiyo chamani. Dakika 10 zikipita na ukurasa wako ni mtupu, mpe jirani mji, naye aandike alichokiona aliposhuka kituoni. Wavivu walipenda kugawa Nairobi mpaka walipoona Nairobi zao zikisomwa kwa sauti na kushangiliwa. Sasa wanaibana miji yao kama bahili.

Washairi nao walijua. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi katika mji wa malumbano: mwenzako akikurushia beti, unajibu, na kina chake ndicho uzio wako. Mizani 8 na 8, hakuna pa kumwaga maneno. Watu huona vina kama pingu. Mimi naona vinamwokoa mshairi na lile neno la kwanza lililomjia, ambalo kwa kawaida lilikuwa la mtu mwingine.

Kuna mambo mengine tunafanya ambayo hayahitaji maelezo marefu. Neno "nzuri" limepigwa marufuku. Msikilizaji aseme alichokiona. Kila kitu husomwa kwa sauti, na msomaji akijikwaa tunarudi pale, maana jiwe limo ndani ya sentensi. Mara moja kwa muhula kila mmoja huleta leso ya nyumbani, tunayasahau mapindo na mji, ule uwanja wake wa katikati, tunalishughulikia jina tu, yale maneno yaliyoandikwa: nani alimnunulia nani, na kwa nini doti hii? Mvulana mmoja alileta "Wema hauozi". Katika kisa chake mama mkwe aliitoa siku ya harusi mbele ya watu, na bibi harusi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja jina likiwa ndani.

Mwenzangu mmoja wa idara hunionya kwamba nawaharibu vijana, kwamba msahihishaji anatafuta methali na tashbihi, asipozikuta anakata. Ana haki kiasi. Nimeshaona kisa kikavu, kikali, kikirudi na alama za kusikitisha, na sikuwa na la kumwambia mwandishi wake. Kwa hiyo huwaambia wazi: katika mtihani, weka methali yako. Ijumaa acha ndege nje ya dirisha.

Siku ya wazazi hufika kila muhula wa pili. Wazazi hukaa chini ya hema, walimu mezani, na kila familia hupita na ripoti yake. Mwaka jana nilikuwa nimechoka, jua limeingia machoni, nikawa nasoma majina bila kuinua kichwa. Karatasi moja ikawekwa mbele yangu na mkono ulioitandaza kwa ncha za vidole, taratibu, kama unaopima joto. Ukucha wa gumba ulikuwa mweusi.

Nikasimama kumwamkia kabla sijamtazama usoni.